Jikumbushe: shajara ya mradi wa Maarifa ya Jamii, Darasa la Sita, kwa vishikwambi visivyo na intaneti

Shajara hii inafuata darasa moja la sita, wanafunzi 48, katika shule ya msingi ya serikali wilayani Kilwa, mkoani Lindi. Tunataka mwanafunzi aweze kujisomea Maarifa ya Jamii na ajue mwenyewe kipi kimemkaa kichwani na kipi hakijakaa, asisubiri kuambiwa. Tunaiandika ili shule nyingine iige, kwa hiyo yaliyokwenda sawa yametajwa kwa ufupi na yaliyoharibika yamepewa nafasi. Bei zote ni shilingi za Tanzania.

13 Januari 2025: Tunachofuata na tulichokiacha

Mradi unafuata ufundishaji unaozingatia ubongo, yaani kufundisha kwa kufuata jinsi ubongo unavyojifunza. Jina hilo moja limebeba mambo mengi, mengine ya kweli, mengine ya kusikia tu. Kabla ya kununua hata waya tulikaa tukachambua.

Tulichokiacha kwanza ni kuwagawa watoto kuwa "wa kuona", "wa kusikia" na "wa kutenda". Mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake walipoupitia ushahidi mwaka 2008, hawakukuta msingi wa kutosha wa kumfundisha kila mtoto kwa "mtindo" wake. Tumeacha pia habari ya ubongo wa kushoto na wa kulia, na ile ya kwamba binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake. Hizo hazina kweli, na zinakula muda wa kipindi.

Tunachofuata ni mambo manne. La kwanza: kumbukumbu ya kufanyia kazi, ile inayoshika unachokifikiria sasa hivi, ni ndogo. Nelson Cowan aliikadiria mwaka 2001 kuwa inabeba vitu kama vinne kwa wakati mmoja. La pili: tangu majaribio ya Hermann Ebbinghaus ya 1885 inajulikana kwamba usahaulifu huwa mkali mwanzoni, na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa siku yana faida kuliko marudio ya mfululizo. La tatu: kulivuta jambo kutoka kichwani hulikaza kuliko kulisoma tena. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapima wanafunzi wa chuo. Waliosoma kifungu mara nne walikuwa mbele baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 40, ilhali waliosoma mara moja na kujipima mara tatu walikumbuka asilimia 61. La nne linatoka kwa Renate na Geoffrey Caine, walioeneza mkabala huu tangu 1991: mtoto anajifunza vizuri akiwa ametulia lakini yuko macho, na hofu humfunga.

Kazi tukaigawa hivi: mashine itunze ratiba, picha, sauti na majibu, na mtoto ndiye akumbuke. Kila kosa lililofuata katika mradi huu lilitokea pale tulipousahau mgawanyo huo.

20 hadi 24 Januari: Seva

Seva, yaani kompyuta inayovihudumia vishikwambi vyote, ni Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya kutosha kiganjani; hapa tunaiita Pi) yenye RAM ya GB 4, kadi ya kumbukumbu ya GB 64, na programu ya Kolibri ya kuwekea masomo na maswali, ambayo ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti na ina sura ya Kiswahili. Tuliipakua mjini penye mtandao, tukaisimika, tukafungua darasa, tukaingiza majina. Tuliruhusu wanafunzi kuingia bila nenosiri, maana watoto 48 wakianza kusahau manenosiri kipindi kimekwisha.

Kosa la kwanza lilikuwa chaja. Pi ilikuwa ikijizima na kujiwasha, na alama ya radi ikitokea pembeni mwa skrini. Alama hiyo maana yake umeme unaofika ni hafifu. Tulikuwa tumetumia chaja ya simu yenye waya mwembamba. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3, na waya mfupi mnene. Tuliponunua chaja yake halisi radi ikaondoka.

Kosa la pili lilikuwa umeme kukatika. Ulikatika mara mbili katika wiki hiyo, na mara ya pili mafaili ya kwenye kadi ya kumbukumbu yakaharibika, mashine ikakataa kuwaka. Tulinunua pawabenki kwa 45,000 tukidhani itashika umeme ukikatika. Haikushika: pawabenki ile, umeme ukikatika, hupumzika kwa kufumba na kufumbua kabla ya kuanza kutoa wake, na kwa Pi huko ni kuzimwa. Kilichofaa ni UPS (betri ya akiba inayoshika papo hapo umeme ukikatika) ndogo ya kuwekea ruta, yenye tundu la volti 5 ampea 3, kwa 120,000. Kadi ya kwanza ilipokaa sawa tena, tukanunua ya pili na kunakili humo ya kwanza yote. Kadi ya akiba inakaa kwenye bahasha ndani ya kabati la mwalimu mkuu, na inanakiliwa upya kila mwisho wa mwezi.

3 Februari: Vishikwambi vinane vinaingia, vinne vinazunguka

Vishikwambi ni 12, vya inchi 8, vilivyotumika, kwa 180,000 kila kimoja. Siku ya kwanza Pi yenyewe ndiyo iliyokuwa ikirusha Wi-Fi. Vya kwanza vinane viliingia vizuri, kisha vingine vikabaki vinazungusha duara bila mwisho. Tulivizima, tukaviwasha, tukabadilisha jina la mtandao, tukapoteza kipindi kizima. Vishikwambi havikuwa na kosa lolote. Wi-Fi ya ndani ya Pi 4 hupokea vifaa vichache tu kwa pamoja inapofanywa kituo cha kurushia.

Dawa yake ni ruta ya kawaida ya nyumbani (65,000), ikaunganishwa na Pi kwa waya wa mtandao. Wi-Fi ya Pi tukaizima kabisa. Tangu hapo vyote 12 vinaingia ndani ya dakika mbili. Anayetaka kuiga mradi huu anunue ruta siku ileile anayonunua Pi.

Chaji haijatusumbua. Betri ya kishikwambi kimoja ni kama Wh 19. Vyote 12, ukihesabu kinachopotea njiani, vinakula kama theluthi moja ya uniti ya LUKU vikijazwa kutoka sifuri. Chaja mbili za matundu mengi zinatosha.

10 hadi 21 Februari: Video tulizozitupa

Video za kwanza tulizirekodi kwa vile vishikwambi walimu walivyopewa baada ya Sensa ya 2022. Kamera yake inatosha. Lakini video tano za kwanza zote zimefutwa, kwa sababu tatu.

Zilikuwa ndefu, dakika 9 hivi. Video juu ya Kilwa ilibeba Husuni Kubwa, Msikiti Mkuu, dhahabu ya Sofala (pwani ya Msumbiji), sarafu za shaba, safari ya msafiri Ibn Battuta ya 1331 na kuingia kwa Wareno 1505, yote kwa pumzi moja. Kumbukumbu inayobeba vitu vinne ilipewa vitu 20. Sasa kila video ni dakika 2 hadi 3, ina wazo moja, na katikati inasimama kwa swali. Mtoto anaandika jibu kwenye daftari kabla ya kuendelea.

Ya pili: tuliweka maandishi yaleyale tunayoyasoma kwa sauti. Ilionekana ni msaada. Watoto walikuwa wakisoma kwa kasi yao huku sauti ikienda kwa kasi yake, na hawakushika hata kimoja. Penye sauti tumebakiza picha, ramani, na neno moja au mawili mageni.

Ya tatu ni mvua kwenye bati. Video mbili hazisikiki. Rekodi asubuhi mapema, chumba kiwe na mapazia au madaftari mengi rafuni, na kishikwambi kiwe shubiri mbili kutoka mdomoni.

Kwa vipimo: picha ya 480p kwa kilobiti 800 kwa sekunde inatosha skrini ya inchi 8, na dakika 3 zinachukua kama MB 19. Spika za masikioni ni za lazima. Vishikwambi 12 vikipiga kelele pamoja ni soko la samaki. Tulinunua jozi 24 na vigawanyio 12 ili watoto wawili wasikilize kifaa kimoja.

24 Februari: Wanne kwa kishikwambi kimoja

Hesabu ilikuwa inavutia: watoto 48, vishikwambi 12, wanne wanne. Majibu ya maswali yalitoka mazuri mno. Tulipowapa karatasi tupu siku ya tatu na kuwaambia waandike wanachokumbuka, zaidi ya nusu ya darasa walikuwa na mistari miwili tu. Katika kila kundi alikuwapo mmoja mwenye kidole, na watatu watazamaji. Kolibri ilikuwa ikipima watoto 12, sisi tukisoma kama imepima 48.

Sasa darasa linakatwa katikati. Watoto 24 wako kwenye vishikwambi, wawili wawili, na 24 wako kwenye ramani za karatasi na maboksi ya kadi za maswali. Wanabadilishana katikati ya kipindi cha dakika 80. Kwenye jozi, mmoja anashika kifaa na mwingine anajibu kwa mdomo, kisha wanageuziana kila swali. Anayeshika haruhusiwi kujibu. Utaratibu huu mdogo umesaidia kuliko kifaa chochote tulichonunua.

Maboksi ni ya viatu, yamegawanywa vyumba vinne kwa manila, kwa namna aliyoieleza Sebastian Leitner mwaka 1972. Kadi unayoikumbuka inasonga mbele, usiyoikumbuka inarudi chumba cha kwanza. Vyumba vyetu hufunguliwa baada ya siku 1, 3, 7 na 21. Tarehe inaandikwa kwa peni nyuma ya kadi.

10 Machi: Wiki tano zilizosomeka siku mbili

Hili ndilo kosa lililotufundisha zaidi, na hatujaliona likitajwa na wengi.

Ratiba ya marudio ya upande wa vishikwambi tulikuwa tukiipanga kwa kuangalia ripoti ya Kolibri: nani amefanya nini, tarehe ngapi, na kwa hiyo lini arudie. Leo ripoti inaonyesha kazi zote tangu tuanze zimefanyika kati ya tarehe 3 na 5 Februari. Kwa mujibu wake kila mtoto "amefanya juzi", hivyo hakuna anayedaiwa marudio. Kwa wiki kadhaa watoto wengine walirudishiwa maswali yaleyale kesho yake, na wengine hawakurudia kabisa.

Sababu: Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri yake. Ikizimwa, inahifadhi saa iliyokuwapo; ikiwashwa bila intaneti, inaendelea kutoka pale ilipoishia. Sisi tunaiwasha mara tatu kwa wiki, saa tatu kila mara. Wiki tano ni saa 45. Kwa Pi, tangu Februari 3 zimepita siku mbili pungufu kidogo. Ilikuwa ikisema kweli yake.

Mradi mzima umejengwa juu ya kuachanisha marudio kwa siku. Seva isiyojua siku imevunja nguzo ya mradi bila kutoa onyo lolote. Kilichotuokoa ni peni nyuma ya kadi za boksi, maana upande wa karatasi ratiba ilikwenda sawa.

Tulivyotengeneza: tulinunua saa ndogo ya DS3231 na betri yake (15,000). Zima Pi. Unganisha miguu ya saa, kwa majina yaliyoandikwa juu yake, na pini za Pi: VCC kwenye pini ya 1, SDA pini ya 3, SCL pini ya 5, GND pini ya 9. Usitumie pini ya 2: ile ni ya volti 5, na baadhi ya saa hizi zina njia ya kuchaji ambayo kwa volti 5 huilazimishia umeme betri isiyochajika. Washa, fungua faili la /boot/firmware/config.txt, ongeza mstari huu:

dtoverlay=i2c-rtc,ds3231

Kisha washa upya, ondoa ile programu ya saa ya kuigiza kwa amri ya sudo apt remove fake-hwclock, sahihisha tarehe, na uiandike kwenye saa mpya kwa sudo hwclock -w. Zima, chomoa kila kitu, subiri nusu saa, washa, tazama tarehe. Ikiwa sahihi, basi. Tumeongeza desturi moja: mwalimu anayewasha seva anaandika ubaoni tarehe anayoiona kwenye mashine, karibu na tarehe ya siku. Watoto wenyewe ndio watakaokuwa wa kwanza kusema hazilingani.

17 Machi: Ramadhani

Watoto wengi wa darasa hili wanafunga, na wanaamka usiku kula daku. Usingizi ndio wakati ubongo unapopanga na kukaza yaliyojifunzwa mchana, kwa hiyo hatukuona busara kuendelea kama kawaida. Kipindi cha vishikwambi kimehamishwa kutoka mchana kwenda saa mbili asubuhi, kimepunguzwa hadi dakika 40, na hakuna mada mpya mpaka baada ya Idi. Ni kadi na marudio tu.

28 Aprili: Kaskazi na kusi

Swali moja lilishinda darasa karibu zima, mara tatu mfululizo: "Eleza jinsi pepo za monsuni zilivyosaidia biashara katika Bahari ya Hindi." Tuliongeza video, tukaongeza mchoro wenye mishale. Hali ikabaki vilevile.

Kisha kwenye kadi moja ya mpango (ile mtoto anayojaza kupanga kujifunza kwake, tutaieleza chini), pale panapoulizwa "tayari najua nini?", mtoto aliandika: "Kaskazi ikianza, baba anahamisha wavu." Hapo tukaona tulipokosea. Darasa zima limejaa watoto wa wavuvi. Wanajua kwamba kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi, na kusi huja baadaye, yenye nguvu katikati ya mwaka. Wanajua hata bahari inabadilika rangi. Sisi tuliwapa neno "monsuni" kana kwamba ni kitu kipya kutoka mbali, likakosa pa kushika. Jambo jipya hukaa pale linapokuta la zamani la kujifunga nalo, na la zamani walikuwa nalo tayari, kwa Kiswahili chao, kutoka ufukweni.

Tumeipanga upya mada yote. Hatua ya kwanza haina kifaa: kila mtoto anaandika anachojua juu ya kaskazi na kusi, au anakwenda kuuliza nyumbani. Hatua ya pili, video ya dakika 2 yenye ramani moja: kaskazi inaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi inayarudisha. Hatua ya tatu ni swali ambalo halina jibu kwenye video: kwa nini Kilwa ikatajirika, ikashika njia ya dhahabu, ilhali dhahabu yenyewe ilitoka Sofala, kusini zaidi? Wanapewa kalenda ya miezi 12 na ramani, na wanahesabu. Jibu linawatoka wenyewe: chombo kikija na kaskazi hufika Kilwa na kuwahi kusi ya kurudi mwaka uleule, lakini kikishuka hadi Sofala msimu unakikatikia, itambidi nahodha asubiri. Aliyekaa Kilwa akawa mtu wa katikati.

Kundi moja lilibishana juu ya Agosti kwa dakika kumi bila kumwita mwalimu. Ndicho tulichokuwa tukikitafuta tangu Januari.

12 Mei: Kadi ya mpango na duara la uhakika

Kadi ya mpango ina sehemu tatu, kama Barry Zimmerman anavyozigawa hatua za mtu anayejiongoza katika kujifunza: kabla, wakati na baada. Kabla: leo najifunza nini, tayari najua nini, nitajuaje kuwa nimeelewa? Wakati wa kazi: nimekwama wapi? Baada: nitafanya nini juu ya hilo?

Mwanzoni kwenye "nitajuaje kuwa nimeelewa?" karibu wote waliandika "Mwalimu ataniambia." Wamesoma miaka mitano wakiambiwa, huwezi kuwalaumu. Swali la wazi halikuwasaidia. Tulibadilisha tukaweka miisho ya kuchagua na kukamilisha: "Nitaweza kueleza … bila kuangalia", "Nitachora … bila kuangalia", "Nitamfundisha jirani … akaelewa." Baada ya wiki tatu miisho ikaondolewa mmoja mmoja. Usiiondoe yote kwa siku moja. Tulijaribu, na "Mwalimu ataniambia" ikarudi.

Duara la uhakika ni hivi: kabla ya kufunua jibu, mtoto anachora duara. Likiwa tupu anakisia, nusu anadhani, limejaa ana hakika. Wiki ya kwanza madaftari yote yalikuwa na maduara yaliyojaa, hata kwa majibu mabovu kabisa. Jirani anachungulia, na hakuna anayetaka kuonekana hajui. Mambo mawili yalisaidia. Mwalimu alijibu maswali matano ubaoni, akachora duara tupu mbele ya darasa, akakosea mawili, akasahihisha kwa utulivu. Na alama zikabadilika: anayepata akiwa na hakika anapata alama, na anayekosa akiwa amechora duara tupu naye anapata. Anayepoteza ni aliyejaza duara kisha akakosa. Kuijua hali ya kichwa chako kukawa na thamani, na maduara tupu yakaanza kuonekana.

Neno "jaribio" tumelifuta kila mahali. Kwenye Kolibri maswali yanaitwa "Jikumbushe". Orodha ya alama haibandikwi ukutani. Kumbuka kwamba maswali ya namna hii kwenye Kolibri hufunguliwa na kufungwa na mwalimu. Ukisahau kuyafungua, watoto 24 watakaa wakitazama skrini tupu.

14 Julai: Majimaji, na uhuru uliokuja mapema mno

Muhula wa pili tulianza kwa haraka: "Chagueni swali lenu juu ya Vita vya Majimaji, mtafute wenyewe." Ilishindikana ndani ya kipindi kimoja. Walifungua video zote, hawakugusa Jikumbushe hata moja, na kadi nyingi ziliandikwa "nimesoma Majimaji". Asiyejua kitu juu ya mada hawezi kuulizia. Anahitaji msingi kwanza.

Tukarudi nyuma. Vipindi viwili vya msingi: kilimo cha pamba cha kulazimishwa, kung'olewa kwa pamba Nandete kwenye vilima vya Umatumbi Julai 1905, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe na maji yake, kuenea kwa vita hadi Ungoni, kunyongwa kwa viongozi wa Wangoni Songea tarehe 27 Februari 1906, kisha njaa iliyoua watu wengi baada ya Wajerumani kuchoma vyakula. Jikumbushe siku ya 1 na ya 3. Ndipo maswali ya kuchagua yakafuata, matano tuliyoyaandika sisi na la sita la kwao.

Kosa moja la kadi hapa. Nyingi ziliuliza mwaka na jina, zenye majibu manne ya kuchagua. Kwa wiki mbili watoto walizipata zote, kisha karatasi tupu ikaonyesha wameshika umbo la kadi tu: wakiona "1905" kati ya miaka minne wanaijua, wakiulizwa nini kilitangulia nini wanapotea. Wengi waliandika kwamba Kinjikitile aliongoza vita mpaka mwisho, ilhali alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ndiyo kwanza vinaanza. Kadi mpya inauliza: "Kinjikitile amenyongwa mapema. Kwa nini vita havikuisha?" Haina majibu ya kuchagua. Mtoto anaandika, kisha anageuza kadi na kulinganisha na hoja tatu zilizoko nyuma.

11 Agosti: Sauti za wazee

Wanafunzi waliotaka walirekodi wazee nyumbani, dakika zisizozidi 5, kwa ruhusa ya mzee. Rekodi mbili zilichanganya Majimaji na habari ya Hassan bin Omari Makunganya, aliyenyongwa na Wajerumani Kilwa Kivinje mwaka 1895, pale panapoitwa Mwembe Kinyonga. Ni miaka kumi kabla. Tungeweza kuzikata. Tumeziacha zilivyo na kuziwekea kazi: sikiliza, panga matukio kwenye mstari wa miaka, weka alama palipochanganyika, halafu eleza kwa nini mzee aliyesimuliwa na wakubwa wake angeweza kuyaweka pamoja. Kazi hii inawashughulisha kuliko video yoyote tuliyoitengeneza, na wanaifanya kwa heshima. Wanakwenda kumuuliza babu tena. Hawamwambii kakosea.

25 Agosti: Gharama hadi sasa

Pi 4 na kasha na chaja yake 310,000. Kadi mbili za kumbukumbu 70,000. Vishikwambi 12, 2,160,000. Ruta 65,000. Saa 15,000. UPS ndogo 120,000. Chaja za matundu mengi 80,000. Spika za masikioni 72,000 na vigawanyio 30,000. Manila, karatasi na gundi 58,000. Pawabenki ambayo haikufaa 45,000. Jumla 3,025,000, sawa na kama 63,000 kwa mtoto. Asiye na fedha hizo aanze na ile 58,000 peke yake: maboksi, kadi, duara na karatasi tupu vilifanya kazi hata wiki ambazo seva ililala.

Muda ndio gharama isiyoonekana. Video ya dakika 3 inakula saa mbili za mwalimu, na seti ya kadi 20 zenye maswali ya "kwa nini" inakula kama hizo. Mwalimu mmoja hawezi kubeba hili. Wawe wawili angalau, na mmoja awe anajua kuwasha na kuzima seva kwa utaratibu.

Kilichobaki kwa Septemba: kadi za skeli ya ramani. Kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani ni kama kilomita 2 za maji, yaani sentimita 4 kwenye ramani ya 1:50,000, lakini watoto wengi bado wanazidisha pale pa kugawanya. Kishikwambi namba 7 hakishiki chaji. Kadi ya akiba inanakiliwa tarehe 29.